Kwa nini pointi za orodha ya dunia za mchezaji wa badminton Kennie Asuncion hazingehama naye kwa mwenza mpya?

Hazihami kwa sababu kwenye wawili-wawili pointi ni za jozi, si za mtu. Kennie na kaka yake Kennevic, Wafilipino, walicheza pamoja wawili-wawili mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume. Mmoja akiumia, jozi nzima husimama. Ukimpata mwenza mpya, jozi hiyo huanzia sifuri. Kwa ndugu hilo lina nafuu kubwa, maana kuachana si rahisi.

Orodha ya dunia huhesabu matokeo 10 bora ya wiki 52. Kwa viwango vya sasa, bingwa wa International Challenge, mashindano ya ngazi ya chini, hupata pointi 4,000, wa Super 1000, ya ngazi ya juu, hupata 12,000. Jozi ya Ufilipino isiyo na nauli ya mashindano makubwa lazima itwae mataji matatu madogo kufikia moja kubwa. Hapo ndipo vipaji vingi hukwama, na inauma.

Na 2006 mfumo wa kuhesabu pointi ndani ya mechi ukabadilika: seti hadi 21, kila mpambano huzaa pointi hata kwa upande usioanzisha, na kila upande ukabaki na zamu moja ya kuanzisha badala ya mbili. Ukianzisha na kinyoya kinachopigwa kikapanda sentimita chache tu juu ya wavu, mpinzani wa mbele anakigonga chini na pointi imeshakwenda.