Msingi wa mnara kwenye kinamo: ripoti yako haitoshi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema unajenga mnara wa simu wa mita 45 pembezoni mwa bonde la mpunga karibu na Chake Chake, udongo ni kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi unaonata, maabara imekupa nguvu ya udongo ya kilopaskali 40, na mbunifu ameigawa kwa tatu kwa ajili ya usalama akaendelea na michoro. Ingekuwa nyumba ya kuishi nisingekusumbua. Kwa mnara, nakuomba usimwage zege bado.

Namba hiyo 40 imepatikana kwa kuikandamiza sampuli mara moja tu mpaka ikashindwa. Mnara uzito wake wenyewe si mkubwa. Kinachoutesa msingi ni upepo, wa kusi na wa kaskazi, unaosukuma na kuachia, mguu huu ukididimizwa na ule ukivutwa juu. Kinamo hakiachii maji upesi. Kila msukumo unaongeza kidogo presha ya maji yaliyomo ndani, na kabla haijapata pa kutokea, msukumo mwengine umeshafika. Presha ikipanda, chembe za udongo hupoteza mshikano, na mzigo uliobebwa bila tabu mwanzoni unaweza kuushinda udongo ule ule baada ya mara mia kadhaa.

Unachohitaji ni kipimo cha traiaksia cha mzigo wa kurudiarudia, yaani sampuli inabanwa pande zote, kisha inasukumwa na kuachiwa mara nyingi. Sampuli, kwa kawaida milimita 38 kwa 76, huvishwa mpira mwembamba na kujazwa maji mpaka ukiongeza presha ya nje, presha ya maji ya ndani nayo ipande kwa asilimia 95 ya nyongeza hiyo au zaidi. Kisha inarudishiwa mgandamizo iliokuwa nao ardhini, njia ya maji inafungwa, na mizigo inaanza. Kwa udongo kama huu, mzunguko mmoja kila sekunde 10 ni mwendo mzuri. Ukienda mbio mno, kipimo cha presha kilichopo kwenye kitako cha sampuli hakiwahi kujua kinachotokea katikati yake.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokosea. Waambie watenganishe mzigo wa kudumu na mzigo unaorudia, kwa sababu udongo hushindwa kwa namna mbili tofauti. Mzigo ukienda na kurudi pande zote mbili sawasawa, udongo unalegea na mnara unaanza kucheza. Ukisukuma upande mmoja na kuachia bila kugeuka, unadidimia kidogo kidogo kwa upande huo, na hapo mnara unainama moja kwa moja. Antena za kuelekezana haziwezi kuvumilia hilo hata kama msingi haujavunjika. Sampuli nne zilizopimwa kwa michanganyiko tofauti ya mizigo hiyo miwili nazithamini kuliko kumi zilizopimwa kwa mchanganyiko mmoja.

Lakini mashine nzuri haiokoi sampuli mbovu. Nimefanya kazi hii ya kuchimba na kupima miaka mingi, Unguja na Pemba, na nimefungua bomba la sampuli lililosafirishwa kwa kulazwa nyuma ya gari nikakuta udongo umepasuka katikati. Sampuli hiyo tuliikataa. Tumia mabomba ya chuma yenye kuta nyembamba, yasukumwe taratibu, yasipigwe nyundo. Ziba ncha zote mbili kwa nta hapo hapo shimoni, yasimamishe wima ndani ya sanduku lenye vumbi la mbao, na mtu wenu ayasindikize mpaka bandari ya Mkoani na ndani ya meli.

Na usichukue sampuli za juu juu. Jua la kaskazi hulikausha tabaka la juu la bonde mpaka likawa gumu na lenye nyufa. Ukipima hilo mwezi wa Februari utafurahi, kisha masika yatalilowesha. Teremka chini ya tabaka hilo, kwenye kina ambacho mzigo wa msingi utafika.

Ripoti mpya ikija, tafuta michoro miwili: jinsi sampuli ilivyozidi kubonyea kwa kila mzunguko, na jinsi presha ya maji ilivyopanda. Angalia pia kama ile asilimia 95 ilifikiwa. Kama hayo hayamo, irudishe. Na kama bajeti haitoshi kabisa kwa kipimo hiki, mwambie mbunifu atanue kitako cha msingi ili sehemu ya mzigo inayorudia iwe ndogo sana mbele ya ile 40, au achimbe mpaka tabaka gumu kama lipo karibu.