Gitaa na joto la Tokyo

SWALI: Kaka, kiangazi huko Tokyo unaishije, na gitaa lako unalitunzaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, Agosti hapa nyuzijoto hupita 30 na hewa ni nzito kwa unyevu, wewe wa Tanga utanielewa. Mbao hunyonya unyevu huo, shingo ya gitaa inapinda, nyuzi zinainuka na vidole vinaumia. Chumbani nina mashine ya kukausha hewa na kipimo kidogo ukutani: kikisoma asilimia 50, nimetulia. Usiku napiga kwa hedifoni, maana kuta ni nyembamba. Siku za mapumziko nakwenda Ochanomizu, mtaa uliojaa maduka ya magitaa, kusaka pedali kuukuu za kampuni ya Boss, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa. Nazipenda mno! Asubuhi narekodi nyenze bustanini kwa rekoda ya mfukoni. Wanapiga kelele tamu kweli.