Seli shina na kovu la mtoto

Dada yangu wa Wete, pole sana. Umeuliza kama krimu ya "seli shina" uliyoletewa dukani itamwotesha mwanao ngozi mpya pale mkononi alipomwagikiwa uji wa moto. Usiinunue. Seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, ni kitu hai, na kitu hai hakikai ndani ya kikopo rafuni miezi na miezi.

Lakini jambo lenyewe la kuotesha ngozi ni la kweli, tena linanifurahisha. Chini kabisa ya ngozi ya juu, na kwenye mizizi ya nywele, mna seli shina zinazozaa ngozi mpya kila siku, ndiyo maana mchubuko hupona. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald, huko Marekani, walionyesha namna ya kuziotesha maabara. Mwaka 2017 ikatangazwa habari ya mtoto aliyetibiwa Ujerumani: asilimia 80 hivi ya ngozi yake ya juu ilioteshwa kutokana na kipande chake mwenyewe, baada ya seli zake kuongezewa nakala nzima ya jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) iliyokuwa na kasoro. Hata hivyo ngozi ya kuoteshwa hivyo haileti nywele wala tezi za jasho.

Kwa mwanao, linaloniumiza ni hilo ulilosema kwamba kiwiko hakinyooki. Kovu linavuta. Mpeleke hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, au vukeni Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, mumwone daktari wa upasuaji. Msikawie, mtoto anakua lakini kovu halikui naye.