Nimechoka na kisukari, je hii ni sonona?

SWALI: Habari dokta, nina kisukari aina ya 2 huu mwaka wa nne. Mwanzo nilikuwa makini balaa, siku hizi mashine ya kupimia nimeitupa kwenye droo na dawa naruka ruka. Kazini naenda fresh na washkaji nacheka nao. Wife anasema hiyo ni sonona nitafutiwe dawa, ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu. Kumpima mtu kwa meseji haiwezekani ila kwa ulivyoeleza hainiingii akilini kama ni sonona, maana sonona inakuandama kila mahali, wiki 2 au zaidi, karibu kila siku moyo mzito au vile ulivyopenda havina raha tena, usingizi nao unavurugika. Wewe kucheka unacheka, kinachokuchosha ni kisukari chenyewe. Huo tunauita msongo wa kisukari, upo sana tu, na una dodoso lake kabisa, PAID, maswali 20, ukipata alama 40 kwenda juu kati ya 100 ujue umeelemewa. Vidonge vya sonona havitibu hiyo, ndo maana nasisitiza kutofautisha.

Halafu hiyo mashine. Unatoboa kidole inasoma 14, unajiona umefeli, kesho huigusi, si ndio? Lakini sukari inapanda hata kwa mafua, kukosa usingizi au stresi (homoni za stresi zinalisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu) hata kama ulikula vizuri kabisa. Anza na kupima mara moja kwa siku, andika namba na pembeni yake kilichotangulia, basi. Ila kama unachoma insulini usipunguze kupima bila kuongea na kliniki.

Dawa unazoruka waambie ukweli, hili naomba sana. HbA1c (kipimo cha damu cha kliniki) inaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, daktari akikuta iko juu na hajui unaruka atakuongezea dozi, siku ukizimeza zote, kwa baadhi ya dawa, sukari inashuka mpaka unaanguka.

Na shemeji mwambie aache "umepima?" za kila asubuhi, atoke na wewe kutembea jioni. Ikitokea mawazo ya kujidhuru usingoje siku ya kliniki, nenda emajensi saa hiyo hiyo.