Sio Wabantu mama (jibu la swali lako la Majunga)

Marahaba mama. Salamu zimefika, mama yako anasema umekonda kwenye picha ila usimsikilize. Sasa lile swali lako, kwamba uko Majunga, Madagaska, mwezi wa tatu huu na Kimalagasi hakiingii kichwani kabisa, wakati Mzulu au Mkongo ukimsikiliza angalau unaokota neno mbili tatu, halafu katikati ya maneno usiyoyajua ghafla unasikia "umbi" na kweli ni ng'ombe. Unauliza Wamalagasi ni Wabantu au sio.

Lugha yao sio. Iko kwenye ukoo unaoitwa Kiaustronesia, na chimbuko lake ni kisiwa cha Taiwan, kama miaka 5,000 iliyopita (Wachina wamejaa pale baadae sana, wenyeji wa mwanzo bado wapo na lugha zao). Wakatoka na vyombo wakashuka Ufilipino, wakaenea Indonesia, wengine wakaikata Pasifiki mpaka Hawaii, New Zealand, hadi Rapa Nui upande wa Chile. Leo ukoo huo una lugha zaidi ya 1,200.

Hao wa kwako walitokea kisiwa cha Borneo. Lugha iliyo karibu zaidi na yao ni Kimaanyan, inaongewa kando ya mto Barito kusini mwa kisiwa hicho, Mnorwe mmoja Otto Christian Dahl ndo alikuja kulionyesha vizuri mwaka 1951. Kutoka huko mpaka hapo ulipo ni bahari tu, zaidi ya kilomita 6,000! Kama huamini mwambie mwenzako wa kazini ahesabu, saba atasema fito, nane valo. Mfilipino anasema pito, walo. Mbingu kwao ni lanitra, Mmalei langit, Mhawaii lani.

Ng'ombe sasa. Huyo jina lake limetoka huku kwetu, wanaandika omby ila o yao wanaitamka u, ndo maana ukasikia umbi. Kuku ni akoho, mbwa amboa, punda ampondra. Majina ya mifugo karibu yote ya Kibantu, yani hao mabaharia waliwakuta watu wa huku na wanyama wao wakachukua mnyama pamoja na jina, na wakaoana pia, maana damu ya Wamalagasi mpaka leo ni ya Asia na ya Afrika.

Lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni pepo, si unajua mzee wako nimekulia kwenye ngalawa (na ngalawa yenyewe, ule mtindo wa mbao mbili za ubavuni, wataalamu wengi wanasema umeletwa na hao hao). Kwa Wamalei barat ni magharibi na timur ni mashariki. Maneno hayo hayo Madagaska yamekuwa avaratra na atsimo, ila avaratra ni kaskazini na atsimo ni kusini! Dira nzima imezunguka. Mwanzoni nikadhani kitabu kimekosea. Kumbe kwa baharia hayo ni majina ya pepo kwanza, upande unafuata baadae. Kwao Borneo upepo wa mvua unatoka magharibi, kufika Madagaska upepo wa mvua unatoka kaskazini, basi wakabaki na jina la upepo wao ila sasa linaonyesha kwingine. Na sisi si ndo hivyo hivyo, kaskazi ikivuma tunasema inatoka kaskazini, kusi likivuma kusini, hakuna aliyetufundisha shule, ni bahari tu. Mama yako nilimwamsha usiku kumwambia hili, akaniambia nilale.

Huku kusi limeanza tangu juzi, wavuvi wengi hawajatoka na changu bei imepanda. Ukipata nafasi shuka hapo bandarini uwaulize wazee upepo wao wa mvua wanauitaje, uniandikie kama wanavyotamka sio kama wanavyoandika.

Baba yako

Mama yako anauliza umeshanunua neti?