Maswali ya Wasomaji: Diski ya Kasi na Kichapuzi Kwenye Raspberry Pi

Barua nyingi za safari hii zinahusu kadi za nyongeza za Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hasa zile za kufungia diski za NVMe (diski za kasi zinazochomekwa kwenye tundu liitwalo M.2) na vichapuzi vya akili mnemba, yaani chipu zinazoharakisha hesabu za akili mnemba. Tumechagua nne na kuzifupisha.

SWALI: Nimenunua diski ya NVMe ambayo pakiti yake imeandikwa kasi ya kusoma ya megabaiti 7,000 kwa sekunde. Nimeifunga kwenye Raspberry Pi 5 kwa kadi ya M.2, lakini kila nikipima sipati zaidi ya megabaiti 430. Je, nimeuziwa diski bandia?

JIBU: Kipimo hicho hakionyeshi hivyo hata kidogo. Tundu la PCIe (njia ya kasi ya kuunganisha vifaa na prosesa) la Raspberry Pi 5, lile dogo linalopokea waya bapa wa pini 16, lina njia moja tu ya data, na tangu kiwandani limepangwa kufanya kazi kwa kizazi cha pili cha PCIe. Kizazi hicho hupitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, lakini katika kila biti 10 zinazopita ni 8 tu zilizo data yenyewe, hivyo hubaki megabaiti 500, ambazo nazo hupungua tena kwa sababu kila pakiti hubeba anwani na taarifa zake za uhakiki. Megabaiti 430 ndizo hasa tunazozitarajia. Zile 7,000 za kwenye pakiti hupatikana katika kompyuta inayoipa diski njia nne za kizazi cha nne.

Ukitaka zaidi, ongeza mstari dtparam=pciex1_gen=3 katika faili la /boot/firmware/config.txt, kisha uwashe kompyuta upya. Kizazi cha tatu hupitisha biti bilioni 8 na hupoteza biti 2 tu katika kila 130, kwa hiyo kikomo chake hukaribia megabaiti 985, na vipimo halisi mara nyingi huangukia kati ya 800 na 900. Watengenezaji wenyewe hawakuithibitisha bodi hii kwa kasi hiyo, na matokeo hutegemea sana ubora wa waya bapa. Baada ya kubadilisha, nakili faili kubwa, endesha amri ya dmesg, inayoonyesha taarifa za mfumo, na utafute mistari yenye herufi AER, yaani ripoti za makosa ya PCIe. Ukiona inajirudiarudia, rudi kizazi cha pili bila kusita, kwani data inayotumwa mara mbilimbili kwa sababu ya makosa huchelewesha kazi.

Kwa maoni yetu, tarakimu hizi kubwa zinawashughulisha watu kuliko zinavyostahili. Kazi nyingi za kompyuta hizi, kama vile kufungua programu au kuendesha hifadhidata, husoma vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo memori kadi inapoelemewa. Memori kadi nzuri kwenye bodi hii husoma faili kubwa kwa takriban megabaiti 90 kwa sekunde, lakini ikidaiwa vipande vya kilobaiti 4 hushuka hadi megabaiti chache tu, ilhali diski ya NVMe, hata kwenye kizazi cha pili, huipita kwa mbali. Anayenunua sasa asilipie kasi ambayo bodi haiwezi kuipitisha, bali atafute diski isiyokula umeme mwingi na yenye urefu unaofaa. Nambari 2230 na 2242 humaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30 au 42, na kadi rasmi ya M.2 HAT+ (HAT+ ni mfumo rasmi wa kadi za nyongeza ambazo bodi huzitambua yenyewe) hupokea saizi hizo mbili. Diski ndefu ya 2280 huhitaji kadi ya mtengenezaji mwingine.

SWALI: Nina kamera mbili za ulinzi na ningependa Raspberry Pi 5 itambue watu na magari, na papo hapo ihifadhi video. Je, ninaweza kufunga kichapuzi na diski ya NVMe kwa pamoja?

JIBU: Unaweza, kwa kuwa zipo kadi zenye swichi ya PCIe inayoigawa njia hiyo moja kwa vifaa viwili. Hata hivyo, nyingi kati ya zile za bei nafuu hutumia chipu ya ASM1182e, ambayo ni ya kizazi cha pili, na hakuna mstari wowote wa config.txt utakaoipandisha. Hilo huathiri kichapuzi kuliko diski. Chipu ya Hailo-8L, inayofanya operesheni trilioni 13 kwa sekunde, haina RAM yake ya nje, hivyo modeli (programu ya akili mnemba iliyofunzwa kutambua vitu) isiyoenea ndani yake hugawanywa vipande ambavyo hupakiwa tena na tena kupitia njia ileile inayopitisha picha. Ndiyo maana kadi rasmi ya kichapuzi, AI HAT+, hujiweka yenyewe kwenye kizazi cha tatu.

Sisi tungekipa kichapuzi tundu lote la PCIe, kisha tukaiunganisha diski kwa USB 3.0. Fanya hesabu: kamera inayotoa megabiti 4 kwa sekunde huandika nusu megabaiti, kwa hiyo kamera zako mbili zingeandika megabaiti moja tu kwa sekunde, mzigo ambao USB haiuhisi. Jihadhari zaidi na umeme. Bila chaja ya volti 5 na ampea 5, bodi huzibana tundu zote za USB zigawane miliampea 600, na diski inaweza kukatika katikati ya kuandika.

Elewa pia kwamba kichapuzi hakiharakishi kila programu. Modeli lazima igeuzwe kwanza kuwa faili la HEF, yaani muundo unaosomwa na chipu za Hailo, na programu iwe imeandikwa kuzungumza na chipu hiyo. Vinginevyo kazi yote hubaki kwa prosesa. Iwapo unahitaji kuchunguza picha chache tu kwa sekunde, jaribu modeli ndogo kwenye prosesa kabla hujanunua chochote.

SWALI: Nimefunga diski lakini haionekani kabisa. Nianzie wapi?

JIBU: Zima kompyuta na uchomoe umeme kwanza, kisha uchomeke upya waya bapa mpaka uingie sawasawa pande zote na kibano chake kifunge. Hakikisha pia kwamba diski ni ya NVMe, kwani zipo diski za M.2 za aina ya SATA zinazofanana nayo sana lakini hazitafanya kazi hapa. Endesha lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya PCIe; diski isipotajwa na kadi yako si ya mfumo wa HAT+, ongeza dtparam=pciex1 katika config.txt. Ikitajwa lakini kompyuta haiwaki kutoka kwayo, fungua mipangilio kwa sudo rpi-eeprom-config --edit na uandike BOOT_ORDER=0xf416, inayosomwa kutoka kulia: 6 ni NVMe, 1 ni memori kadi, 4 ni USB. Kwa kadi isiyo ya HAT+ ongeza pia PCIE_PROBE=1.

SWALI: Je, kadi hizi hufanya kazi kwenye Raspberry Pi 4?

JIBU: Hapana. Bodi hiyo ina njia moja ya PCIe, lakini imeshatumika ndani kuiunganisha chipu ya USB 3.0, na hakuna tundu la nje. Tumia kasha la USB lenye UASP (utaratibu wa kasi wa kupitisha data za diski kwenye USB) kwenye tundu la buluu, kisha uendeshe lsusb -t: ukiona neno uas badala ya usb-storage, diski inatumia utaratibu wenye kasi zaidi.