Kabla hujapakua rangi za mashirika 500 ya ndege

Usiku mmoja nilikuwa nimeegesha ndege yangu ya Airbus A320 kwenye uwanja mkubwa ndani ya simuleta (programu ya kuigiza urubani), nasubiri kusukumwa nyuma, nikatupia jicho magetini. Ndege tatu zimepangana, zote zimevaa rangi ile ya sherehe ambayo shirika lenyewe liliipaka ndege moja tu. Hata namba ya usajili ilikuwa ileile kwenye zote tatu. Na mimi ndiyo kwanza nimetoka kupakua rangi za mashirika karibu 500, wikendi nzima imekwenda, najipongeza kwamba kazi imekwisha.

Kosa halikuwa la mchoraji. Lilikuwa langu. Wengi tukianza kuzipamba ndege nyingine zinazotuzunguka ndani ya simuleta tunakimbilia wingi wa rangi, kumbe kinachoamua utaona nini dirishani ni kanuni za kuoanisha: safari ya shirika hili, kwa aina hii ya ndege, ivalishwe ngozi ipi, yaani picha ipi ya rangi inayofunika umbo la ndege.

Kuoanisha kunategemea misimbo miwili ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Shirika lina herufi tatu: BAW ni British Airways, DLH ni Lufthansa. Aina ya ndege nayo ina wake: B738 ni Boeing 737-800, A20N ni A320neo. Kwa sisi tunaoruka VATSIM (mtandao ambako wenye simuleta huruka pamoja) kwa vPilot (programu ya kuungana nao, inayozivalisha ndege za wenzako kwenye kompyuta yako), misimbo hiyo inakaa kwenye faili la kanuni, na kila kanuni inataja jina la ndege kama lilivyoandikwa kwenye mstari wa title ndani ya aircraft.cfg, faili la maelezo ya ndege. Kama lilivyo, herufi kwa herufi. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kwa nini 737 moja haitokei kabisa. Katikati ya jina kulikuwa na nafasi mbili badala ya moja. Siku hizi jina silichapi kwa mkono, nalinakili.

Kanuni moja inaweza kubeba majina kadhaa, na programu inaokota mojawapo bila mpangilio. Zile ndege tatu za sherehe zilitokea hapo. Nilitia rangi ya kawaida na ya sherehe kapu moja, kila moja ikapata nafasi sawa na mwenzake. Nikaitoa ya sherehe, mambo yakatulia.

Halafu kuna mashirika yanayokuchezea akili. easyJet ina misimbo mitatu: EZY kwa Uingereza, EJU kwa kampuni yake iliyosajiliwa Austria, na EZS kwa Uswisi. Rangi ya machungwa ni ileile. Mwenye kanuni ya EZY peke yake atashangaa kwa nini nusu ya ndege hizo zinakuja nyeupe, bila rangi ya shirika, na dawa yake ni mistari miwili tu ya ziada. SkyWest ya Marekani ndiyo mtihani mgumu. Msimbo wake ni SKW, lakini inarusha ndege ndogo za Embraer E175 zikiwa zimevaa rangi za United, Delta, American au Alaska, kutegemea inamrukia nani. Kwa msimbo peke yake huwezi kujua. Mimi naangalia uwanja niliopo: kama ni kitovu cha Delta, SKW yote naivalisha Delta, na nakubali kukosea mara mojamoja.

Sasa, rangi isipopatikana ifanyweje? Hapa nina msimamo. Programu nyingi ziko tayari kukupa ndege yoyote inayofanana na iliyotakiwa, ikiwemo yenye jina la shirika jingine kabisa. Mimi naitaka nyeupe. Ndege nyeupe inakiri kwamba haina rangi. Ndege ya KLM inayojibu mnara kwa jina la Lufthansa inaniharibia safari nzima. Ila umbo lazima liwe karibu. Ukikosa CRJ, tafuta ndege nyingine ndogo yenye injini mkiani, usiniletee 777.

Suala la uzito watu hulipuuza mpaka picha zianze kukwama. Ngozi ya pikseli 4096 kwa 4096, hata ikiwa imebanwa kwa njia iitwayo DXT5, inakula megabaiti 16 za memori, na ukiongeza zile nakala zake ndogondogo za kutazamwa kwa mbali inafika kama 21. Weka ndege 60 za rangi tofauti: zaidi ya gigabaiti moja, kwa ndege ambazo hutaingia ndani yake hata siku moja. Ngozi ya 1024 haifiki hata megabaiti moja na nusu, na ukiwa mita 200 hutaona tofauti. Lakini zile nakala ndogo usizifute ili kuokoa nafasi. Bila hizo, madirisha na maandishi ya ubavuni yanametameta kama mchanga juani kila ndege inapokaa mbali.

Ukichora mwenyewe, jihadhari: FSX, simuleta ya zamani ya Microsoft, inataka picha ya DDS (aina ya faili la picha za ngozi) iwe imepinduliwa juu chini. Nilisahau mara moja, mkia ukahamia tumboni. Kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020 mtego ni mwingine. Ukitia faili jipya kwenye kifurushi bila kutengeneza upya layout.json (orodha ya mafaili ya kifurushi), simuleta inapita kana kwamba faili halipo, na wala haikuambii kitu.

Kingine ni tarehe. Alitalia ilisimamisha safari Oktoba 2021, ITA Airways ikaanza, na baadaye ndege zake zikapakwa buluu. Ratiba ya 2019 yenye ITA ni kichekesho. Lufthansa ilibadilisha rangi Februari 2018, ikaondoa lile duara la njano mkiani, lakini ndege hazikupakwa zote siku moja. Kwa hiyo ukiiga 2019, changanya za zamani na mpya. Hapo ndipo kapu moja la majina mengi linapofaa.

Ukiniuliza pa kuanzia, chagua uwanja mmoja unaoupenda. Chukua kifurushi kimoja cha bure cha ndege na rangi zake, FSLTL au AIG, uegeshe pale saa nzima na daftari mkononi, uandike kila nyeupe inayopita: shirika, aina, basi. Zitengeneze hizo kwanza. Uwanja wangu ulinichukua jioni nne. Mara ya mwisho nilipohesabu zilibaki nyeupe mbili, na moja ilikuwa ndege ya mizigo ambayo hata kwenye picha halisi nilizotafuta ni nyeupe tupu.